Fundi Aliyeonja Oili

Siku ya kwanza niliyompelekea gari langu, fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kati ya vidole viwili, akakinusa, halafu akaweka kidole kimoja kwenye ulimi. Alikaa hivyo kidogo, macho ameyafumba, kama mtu anayeonja mtori kuona kama chumvi imekolea. Kisha akatema mate meusi pembeni ya kiatu changu.

"Ina dizeli," akasema.

Nilikuwa nimebeba maziwa tangu alfajiri, mikono bado inanuka maziwa mabichi. Niligeuka nikatazama ukuta. Miaka kumi na moja niliyomfahamu mtu yule sikuwahi kuzoea. Kila alipopeleka kidole mdomoni, mimi nilitazama ukuta, na kila nilipogeuka alikuwa ameshajua ugonjwa wa gari.

Kazi yangu ni kukusanya maziwa ya wafugaji wa huku kwetu Mwika na vijiji vya jirani mpaka Kilema, na kuyashusha Moshi mjini kwa pikapu ya dizeli yenye umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Wakati ule ilikuwa inatoa moshi wa bluu mzito kiasi kwamba waendesha bodaboda waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanasimama pembeni wasubiri nipotee. Mbaya zaidi, ilikuwa inapandisha resi yenyewe. Nimeutoa mguu kwenye mafuta, nimeuweka kwenye breki, na injini inaunguruma kama kuna mtu mwingine anaikanyaga. Nilikuwa nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha nozeli, zile pua zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Wa pili alisafisha chujio la hewa. Wa tatu aliniambia niuze kabla halijafa.

Huyu wa nne alinikalisha kwenye kiti cha basi kilichong'olewa, kimechanika sponji, kimelowa grisi, akaniuliza maswali kama nimekuja kuungama.

"Mara ya mwisho uliongeza oili lini?"

"Sijaongeza tangu Pasaka," nikasema, tena kwa kujisifu. "Halili oili hata kidogo."

"Na hukushangaa?"

Akanionyesha kile kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili, nyepesi, inachuruzika kama chai.

"Gari lako halili oili, mae," akasema, akiniita mama kwa Kichaga. "Linazaa oili."

Akanieleza taratibu, akichora kwa kucha kwenye vumbi la boneti. Ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi ina mpira ndani. Mpira umepasuka. Dizeli inashukia kwenye oili, oili inaongezeka na kuwa nyepesi, mpaka injini inaanza kuivuta kupitia mpira wa kupumulia na kuichoma. Ndiyo maana kuna moshi wa bluu. Ndiyo maana resi inapanda bila mimi.

"Inakula kutoka tumboni mwake yenyewe," akasema. "Na siku ikiamua kula yote, utazima funguo na haitasikia. Haihitaji tena dizeli yako wala ruhusa yako. Itapiga kelele mpaka ipasuke."

"Sasa nifanyeje siku hiyo?"

"Inyime hewa. Mdomo inaovutia hewa, uzibe kwa chochote ulicho nacho. Ubao, nguo nzito, sahani. Mkono usiweke, itaung'ang'ania."

Alibadilisha kipande cha mpira kisichozidi chapati ndogo, akamwaga ile oili, akaweka mpya, na kabla ya saa sita nilikuwa napanda Mwika bila moshi. Nilifurahi sana njiani. Kitu kimoja tu kilinikera: mahali alipoimwagia oili yangu.

Gereji yake ilikuwa Kiboriloni, nyuma ya soko, kiwanja kilichobanwa kati ya vibanda vya mitumba na ukuta wa nyumba za kupanga. Ardhi ya pale haikuwa ardhi tena. Ilikuwa kitu cheusi chenye kung'aa, kinanata kwenye soli, na mvua ikinyesha kinaota rangi za upinde. Kwenye kona ya chini palikuwa na mtaro, na kila oili iliyotoka kwenye kila injini iliishia humo. Mimi nilikulia kwenye kihamba, shamba la ukoo, chenye mfongo, yale maji ya mlimani tunayogawana kwa zamu, na mtu akitupa hata maganda ya ndizi ndani yake anaitwa mbele ya wazee. Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu nilimwuliza.

"Fundi, maji haya yanakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini kwa nani?"

"Kwa watu wa chini," akasema, na akaendelea kukaza nati.

Huyo huyo alikuwa anaweza kumfukuza mteja kwa sababu ya oili chafu. Nilimwona akichukua galoni la oili ambalo mteja amekuja nalo mwenyewe, akalifungua, akaonja, akalirudisha mikononi mwa mwenyewe kama vile amempa kinyesi. "Hii imeshatumika ikachujwa kwa kitambaa," akamwambia. "Kaipake mlango wa zizi. Kwenye injini mbele yangu haiingii." Alisema injini ikiwekewa uchafu ni dhambi, na sidhani alikuwa anatania. Lakini uchafu ule ule ukishatoka ndani ya injini, kwake ulikuwa umekwisha. Hakuona ng'ombe wanaokunywa maji huko bondeni. Hakuona watu.

Mwenyewe alikuwa mchafu kwa namna ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Ovaroli lake lilisimama peke yake akilivua. Alikula kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage, kwa mikono aliyoiosha kwa dizeli, amekaa juu ya betri mbovu, na ndizi zikapata rangi ya vidole vyake. Alikuwa na kopo la kutemea, na kopo la chai, na yote mawili yalikuwa ya rangi moja. Siku moja nikiwa pale aliyachanganya, akanywa, akafuta mdomo, akaendelea na hadithi yake.

Ajabu ni kwamba maziwa yalimtia kinyaa. Nilimpelekea lita mbili za shukrani baada ya ile kazi ya kwanza, maziwa ya asubuhi, na povu lake. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Hapana, mae. Kitu kimetoka ndani ya mnyama, na nywele zake, na joto lake. Hapana."

"Wewe uliyeramba oili ya gari langu?"

"Oili imepikwa," akasema.

Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alipanda Kilema misa ya pili akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, kucha amezisugua kwa limau na waya mpaka nyama ya pembeni imekuwa nyekundu. Mimi ni Mlutheri, lakini niliwahi kwenda kanisani kwao kwenye mazishi ya mfugaji wetu mmoja, nikamwona kwenye kwaya, anaimba besi. Sauti ilikuwa nzuri hata nikakasirika. Nilitafuta kwenye uso ule alama yoyote ya yule mtu wa kopo, nikaikosa. Aliponiona aliniinamishia kichwa kwa heshima, kama katekista.

Kilichomchukiza yeye kuliko vyote ni mteja mwongo. "Usiniambie gari lina nini," alikuwa akisema. "Niambie ulilifanya nini." Alikuwa na imani kwamba gari lolote linalotoa moshi lina mtu nyuma yake aliyefanya jambo na sasa analificha. Moshi mweusi, mtu amechezea pampu ili gari lipande mlima kwa nguvu. Moshi wa bluu, mtu ameacha oili mpaka imechoka. Moshi mweupe, mtu ameongeza maji kila asubuhi na anajua anaongeza, lakini ataapa haongezi. Alimwuliza mteja mara tatu, na akidanganya mara ya tatu fundi alitupa kitambaa chini, na kitambaa kikishakuwa chini, gari halishikwi tena siku hiyo.

Aliwahi kuja mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwenye tai, gari linanguruma na kutoa harufu ya mgahawa. Akaulizwa ameweka nini kwenye tangi. Akasema dizeli ya kituoni. Akaulizwa tena, akasema dizeli. Fundi akachovya kidole kwenye chujio, akaonja, akamtazama yule mzee kwa muda.

"Mwalimu, hii umekaangia samaki au chipsi?"

Wanawake wa mitumba walicheka mpaka wakashika kuta. Mwalimu mkuu aliondoka kwa miguu, akarudi jioni kusema ukweli kwa sauti ya chini, na gari likatengenezwa. Mimi nilicheka pia. Lakini njiani nilifikiri jinsi fundi alivyomwacha yule mzee asimame pale, amevaa tai yake, huku akijua jibu tangu mwanzo. Alipenda kumwona mtu akinaswa. Hilo lilikuwa ndani yake sawasawa na ule ustadi, na sijui kama vilitenganika.

Kwa hiyo mtu atanielewa nikisema kwamba nilimwamini. Kinyaa nilikuwa nacho, na imani nilikuwa nayo. Nilijua kwamba mtu yule angeweza kufanya lolote la karaha isipokuwa kuficha ugonjwa wa injini.

Mwenye kiwanja cha ile gereji alikuwa pia mwenye basi dogo la kubeba wanafunzi. Basi lilishuka asubuhi na watoto wa Kilema na vijiji vya njiani, likawarudisha saa kumi. Siku moja nilikuwa kwenye kile kiti cha sponji nasubiri breki zangu, basi likaingizwa. Niliusikia ugonjwa kabla sijauona moshi, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuuguza ule ule. Injini ilikuwa inapanda yenyewe, inashuka, inapanda. Nyuma bluu tupu. Dereva, mwanamume mpole wa miaka thelathini hivi, alishuka akaeleza kila kitu bila kuulizwa mara ya pili: linapiga resi lenyewe mlimani, linakula oili, na juzi lilichelewa kuzimika. Mwenye basi alibaki amesimama mlangoni na simu sikioni.

Fundi alifungua bomba la hewa, akaingiza kidole ndani ya tabo, kile kikonokono cha chuma kinachosukuma hewa kwenye injini. Kidole kilitoka kinadondosha oili. Mara hii hakuonja. Hakukuwa na haja.

"Sili za tabo zimekufa," akamwambia mwenye basi. "Oili inamiminika moja kwa moja ndani. Hili lisipande mlima. Siku itakaposhika, funguo haitalizima."

"Watoto wanasubiri saa kumi," mwenye basi akasema.

"Wakodie gari jingine."

"Wewe nipunguzie sailensa tu, ule mngurumo likiwa limesimama, lisipige kelele. Tabo tutaangalia likizo."

"Kupunguza sailensa si dawa. Utakuwa umemziba mgonjwa mdomo."

Mwenye basi alitia simu mfukoni. Hakupandisha sauti. Aliangalia kuzunguka kile kiwanja, vibanda, magari yaliyofunguliwa, ile meza ya vifaa, kama mtu anayepima ukubwa wa shamba.

"Fundi," akasema, "hapa umekaa miaka mingapi bila mimi kukusumbua?"

Fundi alisimama na kile kidole chenye oili amekinyoosha mbali na nguo. Halafu akakifuta, akachukua bisibisi, akainama kwenye pampu, akazungusha ile skrubu ndogo inayoshusha mngurumo wa gari likiwa limesimama. Robo, na robo nyingine. Injini ikatulia. Kwa sikio la mtu asiyejua, ilikuwa imepona.

"Fundi?" nikasema kutoka kwenye kiti.

Hakugeuka. Dereva alinitazama mimi, kisha yeye, kisha akapanda kwenye usukani. Na mimi niliyekuwa najua kila kitu, niliyefundishwa na mtu yule yule, niliinamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu. Nilijiambia fundi ndiye anayejua. Breki zangu zilipokwisha niliondoka.

Siku tatu baadaye nilikuwa napanda Kilema na makopo matupu. Juu kidogo ya kona ya kwanza kali nilikuta barabara imejaa moshi. Nilidhani kuna mtu anachoma majani ya migomba. Halafu nikasikia. Sauti ile siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajaisikia. Ni injini inayolia bila kuvuta pumzi. Basi lilikuwa limesimama katikati ya mlima, linatetemeka, moshi unatoka nyuma na unatoka madirishani pia, kwa sababu kwenye mabasi yale injini imekaa ndani, chini ya kifuniko karibu na dereva. Watoto walikuwa wanaruka kupitia madirisha. Wengi waliangukia upande wa kahawa, kwenye udongo laini. Binti mmoja, wa darasa la tatu, aliruka upande wa korongo.

Dereva alikuwa chini, anavuta watoto mlangoni mmoja mmoja. Aliponiona alinyanyua mkono.

"Funguo hii hapa, mama," akasema. "Funguo ninayo mkononi."

Alikuwa ameijaribu gia pia ili ailazimishe injini kuzima, lakini klachi ilikuwa imeshaungua kwa kupandisha mlima. Nilirudi kwenye pikapu nikachukua mfuniko wa kopo la maziwa, ule wa alumini, nikavua kitenge nilichojifunga juu ya sketi. Mdomo wa hewa ulikuwa ubavuni mwa basi. Niliufunga mfuniko kwa kitenge nikaubandika pale kwa mikono yote miwili. Ulivutwa kwa nguvu ambayo niliihisi mabegani. Pindo la kitenge likaingia ndani, shubiri nzima. Injini ikakohoa, ikapanda tena, ikakohoa, ikafa.

Ndipo tukasikia watoto wakilia. Wakati wote ule walikuwa wanalia na hatukuwa tumewasikia.

Yule binti alikuwa amevunjika paja. Dereva alimpakia kwenye pikapu yangu, kati ya makopo, akamshika kichwa mpaka hospitali. Mguu uliunga ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Mpaka leo namwona akipita na ndoo ya majani ya ng'ombe, bega moja limeshuka.

Dereva alikamatwa jioni ile ile. Mwenye basi alisema gari lilikuwa zima, dereva ndiye aliyekuwa akilikimbiza. Nilikwenda kituoni kueleza nilichokiona kule gereji, na askari aliyenisikiliza aliniambia kwamba fundi wa Kiboriloni ameshaulizwa, na amesema basi hilo halijui.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwake. Alikuwa amejilaza chini ya lori, naona miguu tu.

"Basi hulijui?"

Miguu ilitulia.

"Nilimwambia ukweli," akasema kutoka chini. "Ulikuwepo. Ulinisikia nikimwambia."

"Ulimwambia, halafu ukachukua bisibisi."

"Angemwita mwingine azungushe."

"Toka huko chini unizungumzie ukiwa umesimama."

Hakutoka. Nikasikia spana ikianza tena kukaza kitu ambacho, nadhani, kilikuwa kimeshakazwa. Nikatazama vile viatu, na ile ardhi nyeusi, na yale makopo mawili, na kwa mara ya kwanza vyote vile havikunitia kinyaa hata kidogo, kwa kuwa kinyaa chote kilikuwa kimekwenda kwake.

Dereva alikaa mahabusu wiki tatu. Maelezo yangu na ya wazazi wawili yalimtoa, lakini leseni yake iliondoka na jina lake likaharibika. Hakuna aliyempa tena gari. Kesi ya mwenye basi iliahirishwa mpaka watu wakachoka kuhudhuria. Basi lilipakwa rangi nyingine, likauzwa. Gereji ikabaki pale pale, na watu wakaendelea kusifu: hakuna kama yule mzee, anaonja tu anajua. Nilikuwa nikisikia sifa hizo sokoni, naondoka bila kununua nilichofuata.

Miaka minne sikukanyaga kwake. Tulipokutana barabarani sikumpa shikamoo. Mtu wa huku anajua uzito wa jambo hilo, kumpita mzee mchana kweupe kama nguzo ya umeme. Yeye hakulalamika. Alikuwa akisogea pembeni kunipisha.

Mwaka jana, mvua za masika zilipoisha, alikuja kwangu Mwika. Ilikuwa katikati ya juma, saa nne asubuhi, nasuuza makopo. Bodaboda ilimshusha kwenye ua. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la Jumapili, na mkononi ameshika jani la isale. Huku kwetu mtu akikuletea jani hilo anakuomba msamaha, na ukiletewa huwezi kulikataa, hata kama umeumizwa kiasi gani. Nilipoliona nilikasirika. Niliona amekuja kunilazimisha.

"Sikutaki hapa, Fundi."

"Najua," akasema. Alikuwa amekonda, kola ilimzunguka shingo bila kumgusa. "Hili si lako. Lako nitalileta siku nyingine, ukiniruhusu. Hili ni la dereva. Nimepanda kwenda kwake mara mbili, nikageuka njiani. Nipeleke wewe. Wewe nikikuambia geuza, hutageuza."

"Polisi umekwenda?"

"Natokea huko. Nimesema nilichokifanya. Wameandika." Akasita. "Kijana aliyeandika aliniuliza ni kesi gani hiyo. Hakuwepo wakati ule."

"Na mwenye kiwanja?"

"Nilimweleza kwanza yeye. Amenipa mwezi mmoja niondoe vitu."

Niliinamisha makopo yakauke, nikachukua funguo.

Njia nzima lile jani alilishika wima kati ya magoti, na pikapu ilikuwa inagonga na kutoa moshi mweusi, kwa sababu mafundi niliokuwa nikiwapelekea miaka ile walikuwa wa kubahatisha. Tulimkuta dereva kwenye kahawa yake, anapunguza matawi. Siku hizi anabeba mizigo ya watalii mlimani, na siku asizopanda yuko shambani. Aliona gari langu akatabasamu, akaona nani ameshuka upande wa pili, tabasamu likaondoka.

Fundi alimwendea mpaka hatua mbili, akainama, akanyoosha jani kwa mikono miwili. Mtu mzima mwenye mvi, mbele ya kijana anayeweza kumzaa. Dereva akafuta mkono kwenye suruali, akalipokea.

"Nimepokea," akasema. "Sasa niambie. Ulipozungusha ile skrubu, ulijua?"

"Nilijua."

"Labda ulidhani litafika likizo."

"Nilijua halimalizi wiki."

Dereva alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu.

"Watoto uliwafikiria?"

Nilimwona fundi akitafuta jibu, na nilijua akidanganya nitamwacha hapo hapo ateremke kwa miguu.

"Nilifikiria kiwanja," akasema.

Upepo ulipita kwenye migomba. Dereva aliliweka jani juu ya kisiki cha mti wa kahawa, kwa adabu, bila kulitupa.

"Asante kwa kusema," akasema. "Watu wengi walikutetea kwa kusema labda na wewe hukujua. Hata mke wangu. Mimi nilikuwa nawaambia yule mzee hakuna asichokijua." Akachukua kisu chake. "Msamaha umeupata, mila ni mila. Lakini usije tena hapa."

Akarudi kwenye matawi yake. Fundi alibaki ameinama kidogo, mikono mitupu, mpaka nilipomgusa kiwiko.

Tulipokuwa tunateremka nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa analia, bila sauti, machozi yanashuka kwenye kola safi. Nilitaka kumhurumia, ikashindikana. Nilitaka kumchukia kama zamani, na hilo pia halikuja vizuri. Halafu, kwenye mteremko, nikaona shingo yake inainama upande, sikio linaelekea boneti, na uso wake ukabadilika, ukatulia, ukawa uso wa mtu aliye kazini.

"Nozeli ya tatu," akasema. "Inakojoa badala ya kupuliza."

"Nyamaza, Fundi."

Akanyamaza. Nilimshusha Kiboriloni, akashukuru, nikaondoka.

Kesho yake nilipeleka pikapu kwa fundi mwingine, kijana msafi mwenye glavu. Nikamwambia afungue nozeli ya tatu. Akauliza nimejuaje kwamba ni ya tatu, nani amenipimia. Nilifungua mdomo nimtaje mzee, nikashindwa. Nikamwambia afungue tu.

Akaifungua, akaijaribu kwenye mashine yake. Nikakinga mkono. Dizeli haikupulizwa, ilitoka kwa mchirizi mmoja, ikadondoka kwenye kiganja changu.